Nani Kachinja?

Kulungu wa msitu ule walizijua siku za wiki kuliko mimi. Jumatatu hadi Ijumaa walilala upande wetu, upande wa umma, ndani ya vichaka vya miiba karibu na uzio. Jumamosi, kabla mbwa wa kwanza hajashushwa kwenye gari, walikuwa wamesharuka kwenda ng'ambo, kwenye shamba la mtu binafsi. Huko walisimama katikati ya majani mafupi na kutuangalia. Wakimbiaji, waendesha baiskeli, watoto waliovaa makoti ya rangi, mabibi wenye filimbi za mbwa, wote walikuwa na haki ya kupita msituni kwetu. Ng'ambo hapakuwa na mwenye haki isipokuwa mwenye shamba na mlinzi wake. Mnyama hasomi kibao, lakini penye utulivu anapajua.

Nawaita kulungu kwa sababu ndivyo tulivyowaita mimi na mtani wangu. Hawakuwa kulungu wa kwetu. Madume yao yana pembe bapa kama viganja, zinadondoka kila mwaka na kuota upya, na kiangazi ngozi zao hutoka madoa meupe. Walikuwa wengi kupita kiasi na walikuwa wanaimaliza miti michanga.

Msitu huo uko ukingoni mwa London, upande wa mashariki. Kutoka Stratford unapanda treni, kisha basi, kisha unatembea. Niliufanyia kazi kwa miaka mingi kama kibarua wa halmashauri: kukata matawi, kufukia mashimo ya njia, kuokota chupa. Kabla ya hapo, kijana wa kidato cha nne, nilikuwa askari wa wanyamapori kusini ya Tabora, hadi mke wangu alipopata kazi ya uuguzi huku nami nikamfuata. Kwa hiyo bosi alipouliza nani kati yetu amewahi kushika bunduki, nilinyoosha mkono. Nikafanya mtihani, nikapewa leseni, na tangu Novemba hadi Machi kazi yangu ikawa kukaa juu ya dungu asubuhi za katikati ya wiki na kuwapunguza. Wao wana jina lao la kile kiti cha juu. Kwangu ni dungu, kama la kuwingia ndege shambani. Tofauti ni kwamba kwenye dungu la kwetu unapiga kelele na kwenye hili unanyamaza.

Masharti yalikuwa machache na niliyajua kwa moyo. Usilete mtu. Usivuke uzio ukiwa na bunduki, hata hatua moja. Usiiache bunduki peke yake, hata dakika moja. Mnyama akijeruhiwa akavuka, mpigie simu mlinzi wa shamba, naye atakuja. Namba ya mlinzi ilikuwa imebandikwa nyuma ya simu yangu. Tulisalimiana kila wiki kwenye uzio, mtu mwenye sauti kubwa na mashavu mekundu, na hajawahi kunifanyia ubaya wowote.

Mtani wangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Mimi ni Mnyamwezi, na anayejua mambo hayo anajua maana yake. Tulikutana kwenye foleni ya duka la simu Stratford. Aliponisikia nikiongea na mke wangu akageuka na kuniambia, "Wewe Mnyamwezi, mzigo wako uko wapi? Au siku hizi hamuwabebei watu meno ya tembo?" Nikamjibu kwamba mzigo nimeutua nione kama Mzaramo anaweza kuunyanyua bila kupigiwa ngoma kwanza. Tangu siku hiyo tukawa ndugu. Alisafisha sakafu za maduka alfajiri. Makaratasi yake ya kuishi yalikuwa yamepelekwa ofisi ya uhamiaji muda mrefu, anasubiri majibu. Kwa kusubiri huko hakuweza kwenda nyumbani, maana angetoka asingerudi. Na alijua, nami nilijua kwa sababu alinieleza mara nyingi, kwamba akiguswa na polisi kwa jambo lolote, hata dogo, kusubiri kote kutakuwa kazi bure.

Mama yake alifariki Kisarawe katika wiki ya kwanza ya Novemba. Alizikwa siku hiyo hiyo, na yeye akayaona mazishi kwenye kioo cha simu chenye ufa. Nilipokwenda kumpa pole hakufanya utani hata mmoja. Nilimtania kidogo, kama inavyonipasa mtani kwenye msiba, akatabasamu kwa adabu. Halafu akasema watu wa kwao wa hapa London watasoma hitima Jumapili ijayo, ukumbi umepatikana Stratford, na yeye hataki kuwalisha kuku wa kununua.

"Nataka nyama niliyoichinja kwa mkono wangu," alisema. "Sikumshika mama yangu. Sikumwingiza kaburini. Basi hata nyama?"

"Nenda kwa wauza mbuzi."

"Wapi London nitaruhusiwa kuchinja mbuzi, Mnyamwezi? Bafuni?" Akanisogelea. "Wewe unapiga kulungu kila wiki."

Nikamwambia mimi Mkristo, na risasi ninayopiga huua.

"Ndiyo maana nakuomba," alisema. "Ukimpiga wewe akafa, kwangu mzoga. Niachie roho kidogo tu, nifike na kisu."

Jambo hilo halikuwa geni kwangu. Tabora, tulipopewa ruhusa ya kupiga pofu au nyumbu kwa nyama ya kambi, mpigaji alikuwa mmoja na mchinjaji mwingine. Mchinjaji alikuwa Mwislamu, ili kambi nzima ile. Risasi ikilia tu, anakimbia na kisu, sisi tunamshangilia. Pofu ni mkubwa, huchelewa kufa. Hawa wa London ni wadogo kama mbuzi. Ukiwapiga pale panapotakiwa, nyuma ya mguu wa mbele, huvuta pumzi mbili tatu na kwisha.

Ningeweza kumkatalia. Mtu akiniuliza leo kosa lilianzia wapi, nitasema lilianzia pale nilipokaa kwenye kitanda chake na kusema, "Ijumaa asubuhi. Vaa viatu vya maana."

Alikuja na kisu amekifunga kwenye taulo, ndani ya mfuko wa dukani. Kulikuwa na ukungu mwepesi, na kulikuwa kumeshapambazuka vizuri. Tulipanda dunguni wote wawili, ubao ukalalamika.

"Kibla wapi?" alininong'oneza.

Nilimwonyesha mnara wa simu uliochomoza ng'ambo, kusini mashariki. "Pale pale kwenye mnara."

"Mnyamwezi kajua kibla. Dunia imekwisha."

Tulikaa. Mwanamke mmoja akapita na mbwa wawili, na kulungu wote waliokuwa wanasogea wakarudi vichakani. Tukakaa tena. Akapita mkimbiaji. Ndivyo ulivyokuwa msitu ule: kila ukikaribia kupata, mtu mwenye haki zake anapita. Saa mbili na nusu akatoka jike mmoja, peke yake, akatembea kandokando ya uzio akitafuna majani ya miiba. Alikuwa hatua sitini kutoka kwetu.

Nilijua pa kumpiga. Mkono wangu ulipajua hata bila mimi. Lakini nilisogeza alama ya darubini ya bunduki nyuma, nyuma ya mbavu, mahali ambapo mnyama haanguki papo hapo. Kwa miaka mingi sikumwambia mtu jambo hilo. Yeye hakuniomba nipige pale. Aliomba roho kidogo, mahali nikapachagua mimi. Nilikuwa na leseni iliyosema najua kazi, na nikaitumia kupiga vibaya kwa makusudi.

Nikapiga. Jike akajikunja mgongo, akapiga teke hewani, kisha kwa mruko mmoja akavuka uzio. Alikwenda hatua themanini hivi kwenye shamba la watu, miguu ya nyuma ikimwishia, akakaa chini. Kichwa kilikuwa juu. Alikuwa anatuangalia.

Tukashuka tukakimbilia kwenye uzio. Hapo ndipo mlango ulipofungwa, na mimi ndiye niliyeufunga. Sikuweza kuvuka, nina bunduki. Sikuweza kuiacha bunduki nikavuka. Sikuweza kupiga risasi ya pili kuelekea shamba la mtu. Ningempigia simu mlinzi, angekuja baada ya dakika kumi na kumkuta mtani wangu na kisu. Mtani wangu ningemwambia aondoke, mnyama angeendelea kukaa pale ameinua kichwa.

"Piga simu basi," aliniambia.

"Na wewe?"

"Mimi nitarudi kituoni."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kufuata, na ilitoka kinywani mwake, si mwangu. Nilishika simu mkononi, namba ikanitazama. Nikafikiria leseni yangu, bosi wangu, maswali. Nikachelewa. Kule shambani mnyama akatoa sauti. Mtani wangu akaniangalia, akaangalia kule, akasema, "Anateseka huyu," na nikiwa bado na simu mkononi akakanyaga waya na kuruka. Koti lake likachanika kwenye miiba ya uzio.

Nilimwona akifika. Nilimwona akimgeuza kichwa taratibu kuelekea mnara wa simu, akimshika kama mtu anayemlaza mtoto. Midomo yake ilicheza. Akapitisha kisu mara moja tu. Kisha akabaki amepiga magoti, mkono mmoja juu ya shingo ya mnyama, na nadhani alikuwa analia. Ningemwita arudi haraka. Sikumwita, kwa sababu kumwita ni kusema namjua, na nilikuwa nimeshaisikia pikipiki ya mlinzi, ile ya magurudumu manne, ikipanda mteremko.

Mlinzi alisimama hatua chache kutoka kwake, akaona kisu, akaona damu. Kisha akaniona mimi kwenye uzio. Akapaza sauti, "Huyu ni wa kwako?"

Mtani wangu aligeuka akaniangalia. Hakuwa na hofu. Alikuwa anangoja tu nijibu.

"Simjui," nilisema. Na kwa kuwa mlinzi hakusikia vizuri, nikasema tena kwa sauti. "Simjui! Mnyama nimempiga mimi, amevuka. Nilikuwa nataka kukupigia simu. Huyo ametokea tu."

Mtani wangu akatazama chini. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Niko peke yangu."

Polisi walikuja. Waliongea naye kwa upole, nisiseme uongo. Wakamchukua na kisu chake kwenye mfuko wa plastiki. Mlinzi akanisaidia kumvuta mnyama hadi kwenye uzio na kumpitisha juu. "Angalau jamaa anajua kuchinja," alisema. Nilitazama shingo. Mkato mmoja, safi. Kisha nikatazama tumboni, pale risasi yangu ilipoingia, nikageuza mnyama upande wa pili mlinzi asione.

Nilimchuna, nikamkatakata, na Jumamosi jioni nikapeleka nyama ukumbini ndani ya visanduku vya barafu. Nilijiambia kwamba hilo angalau nitalitimiza. Masufuria yalikuwa yameshapangwa. Msimamizi wa mapishi alikuwa mama wa Kizanzibari, mikono imejaa vitunguu.

"Nyama gani hii, kaka yangu?"

"Kulungu. Ya mwenye hitima."

"Mashaallah. Mwenyewe yu wapi? Tangu jana simu yake haipokelewi."

"Sijui," nilisema.

Akafunua kisanduku, akabonyeza nyama kwa kidole. Halafu akaniuliza swali ambalo mimi, mtu niliyelala kambini na Waislamu miaka sita, nilipaswa kulitegemea tangu nilipotoka nyumbani.

"Na nani kachinja?"

Jibu lilikuwa fupi. Kachinja mwenyewe, mtoto wa marehemu, kwa mkono wake, ameelekea kibla, na nimemwona. Lakini aliyemwona alikuwepo. Na aliyekuwepo alikuwa amewaambia polisi kwamba hamjui. Watu wa ukumbini wangeuliza wapi, lini, na sasa yuko wapi, na habari ingefika mbali. Nilikuwa nimeshaandika maelezo na kuyatia sahihi.

"Hakuchinjwa," nilisema. "Kafa kwa risasi."

Akafunika kisanduku, akanawa kile kidole. "Basi si yetu, kaka yangu. Usione vibaya. Rudi nayo."

Jumapili wakapika kuku. Nilikaa nyuma ya ukumbi, viatu nje, nikasikiliza wakimwombea mama ambaye sikumjua, na nikala kuku wao. Nyama ya kulungu niliigawa kwa wenzangu wa kazini. Mmoja alitengeneza soseji, akaniletea mbili.

Mtani wangu alikaa kizuizini wiki kadhaa kisha akarudishwa nyumbani. Sikwenda kumwona. Mke wangu aliniuliza kwa nini, nikasema ni mbali. Siku moja mwezi Machi simu ikalia, namba ya Tanzania, na sauti yake ikasema, "Mnyamwezi! Huku jua kali, njoo unibebee mwavuli." Akacheka mwenyewe, kisha akasema, "Niambie jambo moja tu. Ile nyama. Walikula?"

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nilisema, "Walikula."

"Walisemaje?"

"Walisema laini."

"Walimwombea mama?"

"Walimwombea."

Katika majibu hayo matatu la mwisho ni la kweli. Nikasikia kuku wakilia uani kwake. "Basi," alisema. "Basi haidhuru." Alikuwa anasema kwamba miaka yake yote ya London haidhuru, kwa sababu ya sahani za pilau ya kulungu ambazo hazikuwahi kupakuliwa.

Tangu hapo uongo huo ukawa wake. Kila mwaka siku za kumkumbuka mama yake aliwasimulia watu wa Kisarawe jinsi alivyochinja mnyama wa Wazungu, na jinsi hitima ya London ilivyoliwa. Alinitumia sauti yake akisimulia, watoto wakicheka nyuma. Ningefunguaje mdomo? Kila mwaka uliopita ulifanya mlango uwe mzito zaidi. Nilistaafu. Bunduki nikairudisha. Nikawa mtu wa kukaa kwenye fleti ya chini, dirisha linatazama ukuta wa gereji, wanangu wakija wananijibu kwa Kiingereza.

Mwaka jana mke wangu alifariki. Nyumba ilijaa watu, na yeye kutoka Kisarawe akatuma sauti, akaamuru ipigwe mbele ya wote: "Mnyamwezi, nilikuambia mke habebeshwi mizigo kama mpagazi! Sasa umemchosha kaenda kupumzika. Na ugali wako ule, wa kuangushia tembo, atakula nani?" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilicheka kuliko wote. Hakuna faraja niliyoipata msibani inayofanana na ile.

Wiki mbili baadaye akatuma nyingine, nikaisikiliza peke yangu. Alisema Jumapili atachinja mbuzi kwa ajili ya mke wangu, atalisha majirani. "Najua alikuwa Mkristo, haidhuru, Mungu mmoja. Wewe ulinilishia hitima ya mama yangu. Na mimi nitalisha ya mkeo."

Ilikuwa Jumatano. Akilini nilimwona mbuzi yule amefungwa uani, anakula maganda, na anachinjwa kulipa wema ambao sikuutenda. Jina la mke wangu lilikuwa linaingizwa ndani ya uongo wangu, na yeye hayupo kuukataa. Alhamisi nilijaribu kuongea nikashindwa. Ijumaa asubuhi nilikaa kitandani, nikabonyeza kitufe cha kurekodi sauti, nikasema yote: nilipopiga na kwa nini, simu iliyokuwa mkononi, nilichomjibu mlinzi, nilichomjibu yule mama, kuku, soseji. Ilichukua dakika tisa. Sikuomba msamaha mwishoni kwa sababu niliogopa angenipa haraka, kwa mazoea.

Alama za kuonyesha amesikiliza zikageuka bluu mchana ule ule. Jibu halikuja. Jumamosi halikuja. Jumapili nilikaa na simu mapajani hadi chai ikapoa mara mbili. Jumatatu likaja, si sauti, maandishi.

"Bwana, asante kwa kunieleza. Tumbo la yule mnyama nililiona, nikajua ulipiga vile kwa ajili yangu. Uliposema hunijui nilisikia. Nilikusamehe pale pale, maana mmoja wetu ilibidi atoke. La nyama sikulijua. Mbuzi wa mkeo nimemchinja kama nilivyoahidi, marehemu hana kosa. Watu wamekula. Mungu amrehemu."

Nilisoma mara nyingi nikitafuta utani. Hata neno moja la Mnyamwezi, au la mzigo. Hapakuwa na kitu. Aliniita bwana.

Hajaacha kuniandikia. Kila Ijumaa ananisalimia, ananiuliza hali ya miguu na baridi. Mwezi uliopita nilijikaza nikamchokoza: "Mzaramo, ngoma gani hiyo inakuchosha hata kunitukana huwezi?" Alama zikageuka bluu. Baada ya muda akajibu, "Alhamdulillah bwana, tunaendelea vizuri. Nakutakia siku njema."